Askari, Mpagazi na Bunduki Isiyo Yake

Kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, katikati kabisa ya Dar es Salaam, yupo mwanamume wa shaba aliyeshika bunduki yenye singe. Yupo pale tangu 1927. Mguu mmoja uko mbele, mwili umeinama kidogo, na ncha ya singe inaelekea bandarini. Ukitoka hapo kwa miguu, ukavuka Mnazi Mmoja, ukaendelea mpaka Mtaa wa Msimbazi, unaingia Kariakoo, kitongoji kilichopata jina lake kutoka kwa watu waliokwenda vita ile ile bila bunduki. Ni mwendo wa nusu saa hivi, kama jua si kali na kama hujasimamishwa na muuza soksi.

Mnazi Mmoja yenyewe haikuachwa wazi kwa bahati. Wakoloni walitaka nafasi tupu kati ya Uzunguni na Uhindini upande mmoja, na Uswahilini upande wa pili. Kwa hiyo jiji lilipangwa hivi: sanamu ya Mwafrika mwenye bunduki ilisimama upande wa Wazungu, na Waafrika wa kweli, wasio na bunduki, waliishi ng'ambo ya uwanja. Nimeisoma historia ya sheria za silaha za nchi hii nikiwa na ramani hiyo kichwani, na naona inasaidia kuliko vifungu. Maana sheria hizo, tangu za mwisho wa karne ya 19 mpaka ya 2015, zimekuwa zikiuliza juu ya mtu kabla ya kuuliza juu ya chuma: huyu ni nani, tumwamini kiasi gani, na nani atamdhamini?

Tuanze na maneno, kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa wapenda maneno. Kiswahili cha zamani kilijua bunduki kwa undani ambao sisi tumeupoteza. Kulikuwa na bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Kulikuwa na gumegume, ya jiwe la kutoa cheche. Ikaja ya fataki. Kulikuwa na korofindo na gobori, zinazoshindiliwa baruti mdomoni, na baadaye bunduki ya viasi, inayopokea risasi nyuma, tayari imefungwa pamoja na baruti yake. Bastola tuliichukua kwa Wareno, baruti na risasi zikaja na majahazi ya kaskazini. Leo gazeti linasema "gobore", "shotgun" au "SMG", na kijana wa mtaani anasema "mguu wa kuku" akimaanisha bastola, basi, msamiati umeisha. Lugha haiwi na majina mengi hivyo ya kitu kisichotumika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa masalia ya majeshi ya Ulaya: kila nchi ilipopata aina mpya, ile ya zamani iliuzwa kwa wafanyabiashara, ikapakiwa melini, ikashushwa Unguja, ikavuka kwenda bara na misafara ya pembe na watumwa. Waliokasirikia biashara hiyo baadaye ndio waliokuwa wauzaji.

Hasira yenyewe iliandikwa Brussels, tarehe 2 Julai 1890. Mkataba ule unakumbukwa kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Ila ndani yake kuna sura nzima ya silaha. Ilichorwa mistari miwili kwenye ramani ya Afrika, latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na kila kilichokuwa katikati, Dar es Salaam ikiwemo, kikawa eneo ambalo silaha za kisasa haziingii ila kwa kibali. Bunduki zilizoingia zilipaswa kuwekwa kwenye ghala la serikali. Mtu binafsi angeweza kupewa yake akitoa dhamana ya kutosha kwamba hataitoa wala kuiuza kwa mwingine, au akiwa msafiri mwenye hati ya serikali yake. Halafu kukawa na mlango mdogo: gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, zingeweza kuruhusiwa kuuzwa.

Soma tena mlango huo. Hapo ndipo silaha ya Mwafrika na silaha ya Mzungu zilipotenganishwa kisheria, kwa kigezo cha mtutu. Mwenye dhamana na hati alikuwa ni nani, mwaka 1890, kwenye pwani iliyotoka tu kupigwa mabomu? Abushiri bin Salim alikuwa amenyongwa Pangani Desemba 1889. Hermann von Wissmann alikuwa amekuja na jeshi la kukodi, Wasudani waliochukuliwa Misri na Washangaan kutoka kusini, akawapa bunduki za kisasa, akaiteka pwani. Hao ndio askari wa kwanza wa Kijerumani. Neno lenyewe "askari" ni letu la zamani, lakini tangu hapo lilipata maana mpya: Mwafrika mwenye bunduki ya serikali.

Mwaka uliofuata mji wa Dar es Salaam ukawa makao makuu ya koloni, na mwaka huo huo Wajerumani wakaonyeshwa jinsi kibali kisivyo na maana mbele ya mtu mwenye mbinu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Uhehe, jeshi la Mkwawa liliuangamiza msafara wa Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimwita Nyundo. Wahehe, ambao wengi wao walikuwa na mikuki na ngao, waliondoka na bunduki zipatazo 300. Miaka saba Wajerumani waliwinda watu na bunduki hizo, mpaka Mkwawa alipojiua mwaka 1898. Naomba msomaji alishike hili jina Lugalo, litarudi.

Vita ya Maji Maji tumeisoma shuleni, na Ebrahim Hussein ametupa tamthilia ya Kinjeketile, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Nasema tu kwamba dawa ya kugeuza risasi kuwa maji ina mantiki ukiitazama kutoka upande wa sheria. Watu walikuwa wamezuiwa kupata bunduki sawa na za wanaowatawala. Kilichobaki ni kutafuta namna ya kuifanya bunduki ya mwingine isifanye kazi. Vita ilipozimwa, jamii zilizotaka amani ziliagizwa kuwatoa viongozi wao na kusalimisha silaha. Neno "kusalimisha silaha" bado liko kwenye matangazo ya polisi mpaka leo.

Sasa askari. Yeye alikuwa anaaminiwa, sivyo? Kwa kiasi. Vita Kuu ilipoanza 1914, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado yanatumia bunduki za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linapanda na adui anajua ulipo. Bunduki mpya zisizotoa moshi zilikuwepo, lakini kwa mikono michache. Kama unataka kujua dola inamwamini mtu kiasi gani, angalia inampa bunduki ya mwaka gani. Ni mwaka huo wa 1914, baada ya ushindi wa Tanga na mateka ya silaha za Waingereza, ndipo baadhi ya askari hao walipopata bunduki nzuri, tena kutoka kwa adui.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Palikuwa na sanamu ya Wissmann mjini, imesimamishwa 1909: yeye juu, na chini yake askari akimtazama. Waliing'oa. Ilisafirishwa Uingereza kama nyara, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha kwa kamba miaka ya mwisho ya 1960. Mahali pake Dar es Salaam, mwaka 1927, Waingereza waliweka huyu askari wa shaba wa mchongaji James Alexander Stevenson. Bwana mkubwa kaondolewa, mtumishi kapandishwa juu. Maandishi ya Kiingereza na Kiswahili yapo, na sehemu yake ilitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi pia, kwa maneno ya heshima. Lakini sanamu ni ya mwenye bunduki. Nairobi, mchongaji huyo huyo alipewa kazi kama hiyo akaweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam mpagazi kapata maneno tu.

Mpagazi alipata kitu kingine ambacho hakuna aliyempangia. Kwenye viwanja vya magharibi ya Mnazi Mmoja, Wajerumani walikuwa wamejenga jengo kubwa karibu na mwanzo wa vita. Waingereza walipouchukua mji, waliwaweka hapo watu wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo. Ulimi wa Kiswahili ukafanya kazi yake: Karia-koo, Kariakoo. Mwaka 1923 jengo likawa soko, na jina likabaki. Kati ya wapagazi waliochukuliwa na upande wa Uingereza, hesabu rasmi inazungumzia zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Waliuawa zaidi na kuhara, malaria, njaa na mizigo kuliko risasi. Walibeba masanduku ya risasi umbali wa mamia ya maili bila kuruhusiwa kufyatua hata moja. Kila mara ninaposikia konda akiita "Kariakoo, Kariakoo" nafikiria kwamba jina la jeshi la watu wasio na silaha ndilo jina linalotamkwa zaidi katika jiji hili.

Vita ikaisha, Tanganyika ikawekwa chini ya Umoja wa Mataifa wa wakati huo. Katiba ya umoja huo, katika ibara ya 22, inapoeleza namna ya kutawala makoloni yaliyonyang'anywa Ujerumani, inataja maovu matatu ya kuzuiwa: biashara ya watumwa, biashara ya silaha na biashara ya pombe. Hati ya udhamini wa Tanganyika ya 1922 ikarudia, ikimtaka Mwingereza asimamie kwa ukali biashara ya silaha na uuzaji wa vileo vikali. Bunduki na gongo kwenye sentensi moja. Hiyo inatuambia jinsi Mwafrika alivyofikiriwa: kama mtoto ambaye usimwachie wembe wala chupa. Kwa Waafrika wengi vijijini, silaha iliyofikirika ilikuwa gobori la kulindia shamba, nayo kwa leseni. Mwindaji wa Kizungu alinunua leseni yake ya tembo akashuka na raifoli zake bandarini, na sheria za wanyamapori zikamhesabu kuwa mwanamichezo. Jirani yake aliyeua nyati kwa gobori bila karatasi alihesabiwa jangili.

Nani alisema kwamba karatasi ni jambo dogo? Tupande kidogo kaskazini. Kenya, Oktoba 1956, Dedan Kimathi alikamatwa msituni Nyeri akiwa amejeruhiwa. Alikuwa kiongozi wa vita vilivyotikisa koloni zima. Kesi iliyompeleka kitanzini haikuwa ya uasi wala ya mauaji. Alishtakiwa kwa kukutwa na bastola bila kibali halali, kosa ambalo chini ya kanuni za hali ya hatari adhabu yake ilikuwa kifo, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Dola haikuona haja ya kujadiliana naye kuhusu ardhi. Ilimuuliza leseni.

Huku kwetu, katika miaka hiyo hiyo, siasa ya uhuru ilifanywa bila silaha, na makao yake yalikuwa Kariakoo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kwenye jengo la mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, hatua chache kutoka sokoni. Watu hupenda kusema Nyerere alichagua amani kwa sababu ya tabia yake. Inawezekana. Lakini yeye na wenzake walikuwa wakitazama Kenya kila siku, na walijua kwamba serikali inayotafuta sababu ya kukufunga haitafuti mbali ikikukuta na chuma. Kuwa mikono mitupu kulikuwa mbinu, na kulifanya kazi: Desemba 1961 bendera ikapanda.

Halafu, miaka miwili na mwezi mmoja baadaye, bunduki zikaingia mjini. Hazikuwa za majambazi wala za magendo.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje kidogo ya jiji, waliwafungia maofisa wao Waingereza, wakachukua silaha na magari, wakaingia mjini. Walishika Ikulu, uwanja wa ndege, kituo cha redio. Madai yao yalikuwa mshahara na maofisa Waafrika. Jeshi lilikuwa limebadilishwa jina tu kutoka King's African Rifles. Maofisa walikuwa bado wengi wao wale wale, miaka miwili baada ya uhuru. Rais na Makamu wake walifichwa. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyekwenda kusema nao uso kwa uso. Mjini maduka ya Wahindi na Waarabu yakavunjwa na kuporwa, na kufika jioni kulikuwa na maiti mitaani, zikiwemo za Magomeni. Wiki moja kabla, tarehe 12 Januari, wanamapinduzi wa Zanzibar walikuwa wamevamia kambi ya polisi ya Ziwani wakichukua bunduki za serikali ghalani. Kwa hiyo katika mwezi mmoja, pande zote mbili za nchi ambayo ingeungana Aprili, dola ilitikiswa na silaha zake yenyewe.

Mwisho wake ulimuumiza Nyerere kwa maisha yake yote. Aliomba msaada wa Mwingereza. Alfajiri ya tarehe 25 Januari makomando wa Royal Marines walishuka kwa helikopta kutoka kwenye manowari ya Centaur, wakafyatua kombora kwenye lango la Colito, na kambi ikasalimu amri kwa muda mfupi sana. Jeshi zima likavunjwa. Kwa miezi kadhaa ulinzi wa Tanganyika ulikuwa mikononi mwa kikosi kutoka Nigeria, mpaka tarehe 1 Septemba 1964 lilipoundwa Jeshi la Wananchi. Na Colito, jina la mapigano ya King's African Rifles huko Ethiopia mwaka 1941, ikaja kuitwa Lugalo. Nilisema litarudi. Kambi iliyotoka kuasi ikapewa jina la mahali ambapo watu waliinyang'anya dola bunduki zake. Sijui kama waliochagua walicheka.

Kilichofuata ni kipindi ninachokiona cha ajabu kuliko vyote katika habari hii, na ambacho wanasheria hukiruka kwa sababu kwenye vitabu vyao hakuna kilichobadilika sana. Leseni zilibaki za wachache. Lakini ujuzi wa bunduki ulisambazwa kwa kila mtu. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 likafanywa la lazima kwa wahitimu. Wanafunzi wakaandamana mjini mwezi Oktoba mwaka huo na karibu 400 wakafukuzwa chuoni. Waliofuata wakaenda. Mwongozo wa TANU wa 1971, ulioandikwa wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda na miezi michache baada ya Wareno kuishambulia Guinea, ukasema ulinzi ni kazi ya wananchi wote, na mafunzo ya mgambo yakashuka hadi vijijini na viwandani.

Ndiyo maana Tanzania kuna walimu wastaafu, makarani wa benki na washairi ambao wanaweza kuifungua SMG na kuirudisha macho yamefumbwa, na ambao hawajawahi kumiliki hata manati. Taifa liliwafundisha kushika, likawatazama wakishika, kisha likaipokea bunduki na kuifungia ghalani. Nchi nyingine zinampa raia silaha bila mafunzo. Sisi tulitoa mafunzo bila silaha. Sisemi hili kwa kejeli. Nadhani ndiyo sera ya silaha yenye mawazo mengi zaidi tuliyowahi kuwa nayo, hata kama haikuandikwa kama sera ya silaha. Ilijaribu kufuta ule mstari kati ya askari na mpagazi bila kuujaza mji bunduki.

Na mji ule ungeweza kujaa. Dar es Salaam ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. FRELIMO ilianzishwa hapa Juni 1962. Silaha za vita vya kusini zilipita bandarini kwenda Nachingwea na kwingineko, nazo zilipita mikononi mwa serikali. Wapigania uhuru walikunywa chai mjini, bunduki ziko kambini. Hata kiongozi wao Eduardo Mondlane, alipouawa Oysterbay tarehe 3 Februari 1969, hakuuawa kwa bunduki. Alitumiwa kifurushi cha kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. (Sheria ya nani anaruhusiwa kupokea vitabu hatujawahi kuwa nayo, nashukuru.)

Neno "mgambo" lenyewe lina safari yake. Zamani mgambo ni pembe ya mbiu, ile inayopigwa watu wakusanyike kusikia tangazo; ndiyo maana la mgambo likilia lina jambo. Kutoka pembe likawa jeshi la akiba la wananchi. Leo, pale Kariakoo, mgambo ni yule wa jiji mwenye rungu anayemfukuza mmachinga Mtaa wa Kongo, na ukisikia mgambo analia ni kwamba kweli lina jambo, kimbiza meza yako.

Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilirudisha askari na mgambo wengi nyumbani, na miaka ya 1980 ikaja na uhaba, magendo na ujambazi. Usukumani wakazaliwa sungusungu, wakiwa na pinde na mishale. Serikali ikawa na fikra kwamba maadui wote ni mmoja. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi. Kariakoo na Uhindini watu walitupa sabuni na vitenge usiku. Sheria ya mwaka uliofuata ya Uhujumu Uchumi na makosa ya kupanga bado ipo, na mpaka leo kumiliki bunduki bila leseni kunashtakiwa chini yake. Yaani mtu aliyekutwa na gobori chini ya kitanda anasimama mahakamani kama mhujumu uchumi, kesi yake haianzi bila kibali cha mwendesha mashtaka, na dhamana ni mtihani. Uchumi upi aliouhujumu, mshtakiwa mwenyewe huenda anajiuliza.

Sheria ya Silaha na Risasi ya 1991 niiache, iliendeleza ya ukoloni kwa lugha ya leo. Ile ya 2015, ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, ni kitu kingine. Ilitokana kwa sehemu na Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo nchi za ukanda huu ziliahidiana kutia alama silaha na kuziwekea kumbukumbu. Sasa mwombaji anahitaji cheti cha umahiri kabla ya leseni. Anatazamwa akili yake, mwelekeo wake wa ukatili, uhusiano wake na vileo na dawa za kulevya, rekodi yake ya makosa. Kwa mara ya kwanza maswali yanamhusu mtu mmoja mmoja na mwenendo wake, na rangi, cheo au ukoo havimo kwenye karatasi. Ni hatua kubwa, na anayeilinganisha na ya Brussels hawezi kusema hakuna kilichobadilika. Ila nenda ukaone mlolongo wenyewe: maombi kupitia ngazi za mtaa, kamati za usalama, polisi, ada, bei ya bastola yenyewe. Mwenye duka la jumla Kariakoo anaufika mwisho. Kuli anayemshushia mzigo haanzi. Mwaka 2016, wamiliki wa Dar es Salaam walipotakiwa kupeleka silaha zao zihakikiwe, Rais Magufuli naye alihakiki zake, na mtu angeweza kukisia kutokana na magari yaliyoegeshwa ni tabaka gani linaloishi na leseni.

Sikiliza pia vitenzi vya magazeti yetu. Mfanyabiashara "anamiliki" bastola. Kijana wa Manzese "anapatikana na" bastola. Hata kabla ya hakimu kusema neno, sarufi imeshahukumu.

Je, sheria imefanya kazi? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na lazima isemwe. Vijana wa Panya Road walipoutia mji hofu, usiku wa tarehe 2 Januari 2015 watu wakikimbia barabarani kwa uvumi tu, silaha iliyotajwa ilikuwa panga. Jiji la mamilioni ya watu ambalo vijana wake wahalifu hawana bunduki limefanikiwa katika jambo moja. Lakini miezi sita baadaye, Julai 2015, mwaka ule ule wa sheria mpya, watu walivamia kituo cha polisi Stakishari, Ukonga, wakaua askari na kuondoka na bunduki. Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwaua polisi watatu na mlinzi mmoja, akiwa ameshika bunduki alizowanyang'anya polisi hao. Lugalo, Ziwani, Colito, Stakishari. Sheria ina macho makali kwa mlango wa raia, na ghala la serikali linalindwa kwa kufuli na imani.

Mchana, mbele ya benki za Mtaa wa Msimbazi, utamwona mlinzi wa kampuni binafsi amesimama na shotgun. Kofia, buti, mkanda, macho yanafuata mfuko wa fedha unaoingia garini. Bunduki imeandikishwa kwa jina la kampuni. Kwa mshahara wake hawezi hata kuanza kuiomba kwa jina lake. Saa ya zamu ikiisha anaikabidhi, anatia sahihi kwenye daftari, anavua kofia, na anapanda daladala ya Mbagala mikono mitupu, mkoba wa chakula mapajani.